Aliyekaa Mkekani kwa Niaba Yangu

Baba Frida, mume wangu,

Kukutumia maneno kwa watu nimechoka. Kila mwenzako aliyepita hapa Liuli likizo nilimpa ujumbe: mwambieni arudi, mwambieni mama yake magoti yanamsumbua, mwambieni Frida ameota meno ya mbele makubwa kama yake. Walikuwa wananiitikia, "Ndiyo, shemeji," halafu wanaangalia pembeni. Leo nakuandikia mwenyewe, na ninaandika wazi, asome atakaye. Asome mama yako, ambaye anajua kusoma kuliko anavyojidai. Wasome na hao wenzako wa Chama, maana nina neno nao.

Unakumbuka tulivyoonana? Ulikuja kwetu Matiri na watu wa maji kutandaza mabomba ya mserereko, kijana mwembamba wa ziwani, suruali ya kaki, unajifanya unaijua milima. Kwetu shamba ni ngolo, yale mashimo tunayochimba kwenye mteremko ili mvua isibebe udongo, na mwenye akili zake hupita juu ya matuta. Wewe ukakata njia katikati na bomba begani, ukatumbukia. Mimi na dada zangu tulikuwa tunapalilia mahindi, tukacheka mpaka mama akatutukana. Ukatoka humo na udongo hadi kwenye nyusi, ukasema, "Nilikuwa naangalia kama kuna maji." Muongo we! Lakini nilikupenda pale pale, wala sikuona haya, nikakuletea togwa mbele ya mama yangu.

Na kumbe hukuwa unatania. Maji ndiyo yalikuwa dini yako. Tukipita mahali pakavu ulikuwa unasimama, unapiga kisigino chini, unasema, "Maji yapo kila mahali, Mama Frida, ni uvivu wetu tu wa kuchimba." Ulianza kuniita Mama Frida kabla hata hatujaoana, eti jina la mtoto umeshalichagua. Baba yangu alikuuliza kama utanilisha mabomba. Ukamwambia utanilisha samaki. Ukanishusha huku ziwani, Mkatoliki wa mlimani katikati ya Waanglikana, na ugali wa muhogo ukanishinda kabisa. Mama yako akawa anawaambia majirani, "Mkwe wangu anakula ugali kama anayemeza kwinini." Ulinitetea wewe. Ulikuwa unanichukulia mahindi Mbinga, unayabeba mwenyewe begani, wanaume wenzako wanakucheka.

Kisha mambo yakageuka. Wakasema soko ni huria. Kule kwetu wakaja wanunuzi wa kahawa na magari yao, huku kwenye magulio mitumba ikajaa mpaka mtu anakanyaga mashati, na serikali ikasema ina wafanyakazi wengi mno. Ukapunguzwa. Mtu aliyewapelekea watu maji hadi mlangoni akaambiwa asante, nenda nyumbani. Ukawa unashinda barazani unashona nyavu za wenzio, huongei, mpaka nikaanza kuogopa kukuacha peke yako. Ndipo ukasikia serikali ya Botswana inatafuta mafundi wa visima kwa mkataba.

"Si wanasema ile ni nchi kavu?" nikakuuliza.

"Sasa fundi wa maji wanamtakia nini kwenye maji?" ukasema, ukacheka. Ulikuwa hujacheka tangu upunguzwe. Ningemzuia vipi mtu aliyeanza kucheka?

Likizo yako ya kwanza hukuwa na habari nyingine isipokuwa Chama, hicho chama cha mafundi wa maji Watanzania mlioajiriwa na serikali za nje. Ulisimama katikati ya nyumba kama mhubiri. Chama kinampokea mgeni, kinamtafutia chumba, kinamsomea mkataba kabla hajatia saini asije akanyonywa. Mwanachama akiugua anauguzwa kwa zamu. Na kubwa kuliko yote ni lile neno lenu: likizo ya mmoja ni likizo ya wote. Anayekwenda nyumbani lazima apite kwa wenzake, na akifika kwa mwenzake, ni sawa na mwenzake kufika. Akikuta ubatizo, asimame. Akikuta msiba, alie. Mama yako akauliza, "Na akikuta paa linavuja?" Ukamjibu bila kufikiri, "Anapanda, mama."

Maskini Bwana Ngowi! Ndiye wa kwanza kutumwa kwetu, mtu wa Moshi mwenye kitambi na viatu vinavyong'aa. Akaingia, "Shikamoo, mama. Leo mimi ndiye mwanao Edmund." Mama yako akaitikia marahaba, akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Karibu, Edmund. Paa la jikoni linakungoja." Akapanda na tai yake! Alipoteremka akapewa kichwa cha samaki, mbasa mkubwa, kwa kuwa kichwa ni chako, akakaa anakigeuzageuza hajui pa kuanzia. Frida alipobatizwa ni huyo huyo Ngowi aliyesimama mahali pako kanisani, akamshika mtoto vizuri kabisa. Tulikuwa tunacheka siku hizo. Nilikuwa nasema nimeolewa na kijiji kizima cha wanaume, na wote wananiogopa.

Ila mimi, mume wangu, sikuwa nataka wa niaba. Nilikuwa nakutaka wewe. Hilo sikumwambia mtu.

Halafu asubuhi moja nikaitwa hospitali ya misheni, kwenye simu ya upepo. Sauti ya Bwana Ngowi inakuja, inakatika, inakuja. Gari lenu la kazi limeharibika jangwani. Dereva amebaki na gari, wewe umekwenda kwa miguu kutafuta msaada. Dereva ameokolewa. Wewe umepatikana kwa kuchelewa, na kwa joto la kule daktari wa serikali ameagiza uzikwe kijiji cha karibu, mwili hauwezi kusafirishwa.

"Amekufa na nini?" nikauliza.

"Kiu, shemeji."

Nikamrudishia muuguzi kile chombo, nikaenda zangu nyumbani kuanika muhogo. Kiu! Mtu wa Liuli! Mtu ambaye amezaliwa na maji mlangoni, maji mpaka macho yanaishia, mengine tumewaachia Wamalawi huko ng'ambo, huyo ndiye afe kwa kiu? Wakamdanganye mwingine. Niliamini umepotea. Niliamini umepata mwanamke wa kule, na hilo nilikuwa tayari kulisamehe, Mungu ni shahidi, mradi uwe unapumua. Yote niliyaamini, isipokuwa hilo moja.

Bwana Ngowi akaja na begi lako. Safari hii hakusema yeye ndiye Edmund. Alikaa ukingoni mwa kiti, akatueleza mimi na mama yako jinsi Chama kilivyotimiza kila kitu: jeneza zuri, padri wa Kianglikana aliyefuatwa mbali, nyimbo za Kiswahili, chakula, wanachama waliosafiri kutoka kila kituo. Alikuwa anajitahidi kunifariji, nilimwona. Akasema, "Na mahali pako, shemeji, hapakubaki wazi. Kamati ilimteua dada mmoja akakaa mkekani kama mjane, kwa niaba yako. Alifungwa utepe mweusi mkononi. Akalia vizuri sana."

Akalia vizuri sana!

Nilisimama, Baba Frida. Nikamwuliza, "Huyo dada alimzalia mtoto? Alimbebea maji ya kuoga? Anajua akikoroma anageuzwa upande gani?" Akasema, shemeji, tafadhali, tulifanya kwa heshima. Nikamwambia, wazee wanasema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Ninyi mmeanza wa mbali, mkalia, mkamaliza, mkafuta pua, ndipo mkanikumbuka mfiwa. Nilie nini sasa? Mmenibakizia nini?

Akaliweka begi lako miguuni pangu, akaaga. Na mimi nikaapa silii.

Ukoo wako ukakaa matanga. Mama yako akanitandikia mkeka, nikaukunja. Akanitandikia tena, nikaukunja tena. Nikajifunga kanga ya maua mekundu, nikaenda Mbamba Bay kununua sabuni, watu wakishika midomo. Niliporudi mama yako alikuwa amekaa chini mlangoni, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kaburini hayupo, maana hujamzika. Nyumbani hayupo. Mwanangu umemweka wapi?" Nikampita na sabuni yangu. Wazee wakashindwa kuanua matanga, kwani matanga hayaanuliwi mjane akiwa anazunguka sokoni na maua. Wakasubiri, wakachoka, wakarudi kwenye mashamba yao, na msiba wako ukabaki haujafungwa.

Nisiwaonee wenzako. Chama hakikututupa. Ada ya Frida walileta, mama yako wakamletea miwani, kila likizo alikuja mtu na kupiga hodi. Nilivipokea vyote, kisha nikawapa ujumbe ule ule: mtafuteni tena. Wapo wachunga ng'ombe wa kule, huenda mmoja kampata anatangatanga kamwokota. Mmoja wao, kijana mpole, aliniambia, "Shemeji, Chama kina msaada kwa kila jambo, ila hilo hatuna." Nilimfukuza bila hata kumpa chai. Niliogopa, mume wangu. Mchana nabisha na watu, nikiwa peke yangu namimina maji kwenye kikombe na kooni hayapiti. Nimeishi kando ya ziwa nikiogopa kikombe. Gari likisimama barabarani moyo ulikuwa unatoka nje kabla yangu, na kila mara anateremka mwingine. Nilikonda mpaka mama yangu alipokuja kutoka Matiri akapita mbele yangu, akauliza niko wapi.

Basi juzi akateremka mwanamke.

Amevaa gauni jeusi, na mkononi, juu kidogo ya kifundo cha mkono, ana utepe mweusi uliochujuka umekuwa rangi ya udongo. Mama yako alikuwa anapepeta unga wa muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole, umetoka wapi na msiba?"

"Nimetoka Botswana, mama. Msiba wenyewe ni wa hapa."

Ungo ukamwanguka mama yako. Mimi nilijua kabla hajataja jina. Anaitwa Eliwaza, kwao ni Same, ni mpima maji wa maabara, na ndiye aliyekaa mkekani mahali pangu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumpokea huyu mtu tangu siku ya Bwana Ngowi, maneno makali, nimeyanoa vizuri. Nikamwona alivyo mwembamba, mwembamba kama mimi, yakanitoka yote kichwani.

Tulimpa maji, akanywa. Akaeleza. Walimteua kwa kuwa ndiye mwanamke aliyepewa ruhusa kazini upesi. Mama mmoja mtu mzima wa Chama akamfunga huo utepe akamwambia ni kwa ajili ya maziko tu. Baada ya maziko mama yule mkataba wake ukaisha, akarudi nyumbani Tanzania, na wengine wakatawanyika vituoni kwao. Hakuna aliyemfungua. Kamati walidhani akina mama wamemfungua, akina mama walidhani ni kazi ya kamati.

"Si ungeufungua mwenyewe?" nikamwambia. "Utepe tu huo!"

"Wewe ungeufungua, dada?" Hakusema kwa ubishi. "Bibi yangu ndiye aliyenilea. Alinifundisha utepe wa msiba hufunguliwa na aliyekufunga, au na mwenye msiba. Ukiufungua mwenyewe umemtupa marehemu. Yule aliyenifunga sijui alipo. Nikasema basi, Liuli wakianua matanga, nami nitakuwa nimefunguliwa. Kila anayetoka likizo namwuliza, je, wameanua? Wananiambia, shemeji bado anavaa maua."

Akaushika ule utepe. "Kuna mtu anataka kunioa. Amengoja. Kwao wanamwuliza utaoaje mjane wa mtu ambaye hata msiba wake haujafungwa. Naye sasa amechoka. Likizo hii ikiisha, nikirudi na utepe, hatakuwepo. Nifungue, dada. Nimekaa kwa niaba yako mpaka nimeishiwa."

Loo, Baba Frida, chama gani kile! Mlikuwa na utaratibu wa kumkalisha mtu mkekani, hamkuwa na utaratibu wa kumnyanyua. Huyu binti wa watu alikuwa kazini anapima maji, anakula, analala, akiwa mjane wako, na mimi niko hapa na maua yangu. Lakini nilikuwa nimeshaelewa anachoniomba. Nikimfungua, umekufa. Mkono wangu ndio ungekuzika. Nikamwambia, "Mimi sikukutuma," nikaingia ndani nikafunga mlango.

Hakuondoka. Nilimsikia anaokota unga pamoja na mama yako. Nikatoka, nikamsimamia kichwani.

"Ulimwona? Au ulionyeshwa jeneza?"

"Nilimwona. Mimi nilikuwa mjane, walinitanguliza. Nilikwenda na gari lililomfuata."

"Alikuwa amelala vipi?"

Akamtazama mama yako. Mama yako akasema, "Sema. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Hakuwa amelala," akasema Eliwaza. "Alikuwa amepiga magoti, ameinamia shimo. Alikuwa amechimba, kwa mikono na kwa mfuniko wa sufuria. Shimo lilikuwa refu kiasi hiki." Akajishika begani. "Niliingiza mkono mpaka chini, nikatoa mchanga. Ulikuwa na unyevu, dada. Alikuwa amekaribia."

Hapo nikaisha. Wangeniambia umekutwa chini ya mti, ningebisha. Wangeniambia umekutwa njiani unaelekea kijijini, ningebisha mpaka nife. Lakini kuchimba! Ni nani mwingine chini ya jua hili angeacha barabara, akapiga kisigino mchangani, akaanza kuchimba? Ni wewe. Mjinga wangu, kichwa ngumu wangu, ni wewe, ni wewe, ni wewe.

Nilipiga yowe. Majirani walikuja mbio wakidhani mama yako ndiye amefariki, wakamkuta mama yako mzima, amenikumbatia kiunoni nisijipigize chini. Kanga iliniponyoka sijui ilikwenda wapi. Nililia mpaka sauti ikakauka, nikalia bila sauti. Frida alirudi shuleni akasimama uani na daftari kifuani, hajawahi kuniona hivyo, nikamwita nikamwambia, "Baba yako amekufa, mwanangu." Akasema, "Najua, mama." Mtoto alikuwa anajua. Ni mimi tu.

Nilipopata nguvu nikamwita Eliwaza akae mbele yangu. Fundo lilikuwa limekazana kwa jasho na maji ya kufulia, kucha zangu zikashindwa. Nikainama nikaling'ata. Nililifungua kwa meno, mkono wake umetulia mdomoni mwangu, chumvi ya ngozi yake na machozi yangu pamoja, na yeye alikuwa anasema polepole, "Asante, dada, asante, dada." Ulipofunguka, chini yake palikuwa na ngozi nyeupe kama ya mtoto. Akapasugua, akapasugua, kisha akaanza naye kulia, na sijui kama alikuwa anakulilia wewe au anajililia mwenyewe. Ana haki ya vyote viwili.

Akaniuliza autupe wapi ule utepe. Nikamwambia, nipe. Mama yako akaupokea, akanifunga mimi.

Eliwaza ameondoka leo asubuhi na gari la kupanda Mbinga. Mama yako amemfungia dagaa wakavu na kumwambia akiolewa alete taarifa, maana sasa huyu ni mtoto wa hapa. Kabla hajapanda aliniambia Chama kimempa neno la kuniletea: nikihitaji mtu wa kukaa nami, watanitumia. Nimemwambia awaambie hapana. Enyi wenzake Edmund, mkisoma hapa, sikilizeni. Mpokeeni mgeni, muuguzeni mgonjwa, mpande hata mapaa yetu, Mungu atawalipa. Lakini kilio cha mtu msikichukue. Hata kama yuko mbali, hata kama hajui, mwacheni aanze mwenyewe.

Sasa niko mkekani. Mama yako amenitandikia, sikuukunja. Majirani wamekuja, wamekaa kidogo, wamesema pole, wamekwenda kwenye shughuli zao. Siwalaumu. Kwao wewe ni marehemu wa zamani. Wenzako walishakulilia, wazee walishakulilia, mama yako alikulilia akamaliza machozi, sasa anakaa tu karibu yangu ananishika mgongo. Hata binti wa Same ambaye hakukujua alishakulilia. Mimi ndiyo kwanza naanza, na hakuna aliyebaki wa kunipokea sauti. Naanza kukulilia peke yangu, Baba Frida, na sijui kilio kinachoanza hivi huwa kinakoma lini.

Nenda salama, mume wangu. Nilikataa kukuaga. Nakuaga.

Mjane wako,
Mama Frida